Hesabu Safi, Rejista Tupu: Uwajibikaji wa Misaada ya Afya kwa Waliougua Ukoma

Hombolo, katika Jiji la Dodoma, inajulikana kwa bwawa lake, kwa zabibu na kwa Chuo cha Serikali za Mitaa. Inajulikana pia kwa Samaria, makazi ya watu waliougua ukoma na jamaa zao. Kwa lugha ya kitaalamu, aliyemaliza dawa zake amepona: bakteria wamekufa na jina lake limeondolewa katika rejista ya wagonjwa. Hata hivyo, neva iliyokwisha kuharibika haifufuliwi na dawa hizo. Mguu usio na hisia hukanyaga mwiba au kaa la moto bila mwenyewe kujua. Kidonda huanza, huingia mfupani, na mwisho wake huweza kuwa kukatwa mguu. Mtu huyo huhitaji viatu vya kumkinga, maji ya kuloweka nyayo na jicho la mhudumu wa afya maisha yake yote. Je, shirika la kimataifa linalokusanya fedha kwa ajili yake huwajibika kwake kwa njia gani?

Uwajibikaji ukitajwa, fikra za wengi hukimbilia wizi. Mifano ipo. Mwezi Agosti 2005 Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulisitisha misaada yake nchini Uganda baada ya kubainika usimamizi mbovu wa fedha, na tume ya Jaji James Ogoola ikaundwa kuchunguza. Kosa la namna hiyo ni zito, lakini angalau mkaguzi anayeijua kazi yake huliona: stakabadhi haipo, au ipo na ni ya uongo. Lipo kosa jingine ambalo mkaguzi wa hesabu hawezi kuliona, kwa kuwa kila shilingi imetumika kama ilivyoahidiwa na kila takwimu ni ya kweli. Historia ya karibuni ya ukoma inalionyesha vizuri.

Mwaka 1991 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kuondoa ukoma kama tatizo la afya ya jamii ifikapo mwaka 2000. Maana ya maneno hayo ilikuwa finyu kuliko yalivyosikika: wagonjwa walioandikishwa kutibiwa wapungue hata wawe chini ya mmoja kwa kila watu 10,000. Silaha ilikuwa dawa mseto, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuanzia 1995 taasisi ya Nippon Foundation iligharamia dawa hizo kwa dunia nzima, na tangu 2000 kampuni ya Novartis imezitoa bure. Tanzania ilikuwa tayari na mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma tangu 1977, uliosaidiwa na wahisani wa Ulaya. Haifai kuubeza wema huu. Watu zaidi ya milioni 16 duniani wametibiwa kwa dawa mseto, na wengi wao wameokoka na ulemavu kwa sababu walitibiwa mapema.

Shida imo katika kipimo. Chukua wilaya ya kufikirika inayogundua wagonjwa 100 wa aina yenye bakteria wengi kila mwaka. Matibabu yakichukua miezi 24, rejista mwishoni mwa mwaka itakuwa na majina kama 200. Mwaka 1997 kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani ilikubali matibabu ya aina hiyo yafupishwe hadi miezi 12. Rejista ya wilaya ile sasa ina majina 100. Idadi imepungua kwa nusu, ilhali wanaougua kila mwaka ni wale wale. Hakuna aliyesema uongo. Ni kalamu tu iliyofuta majina mapema zaidi. Naye mzee mwenye kidonda cha unyayo, ambaye alikwisha kutoka rejistani, hakuhesabiwa kabla wala baada.

Mwishoni mwa 1999 uliundwa Ushirika wa Kimataifa wa Kuondoa Ukoma, uliojumuisha Shirika la Afya Duniani, serikali za nchi zenye ukoma zaidi, wahisani wa dawa, na ILEP, shirikisho la mashirika ya hisani ya kupambana na ukoma. ILEP ilihoji hesabu hizi na mkazo uliowekwa kwenye lengo moja. Mwaka 2001 ikaondolewa katika ushirika. Mtu anaweza kutofautiana na ILEP katika mengi, lakini kumtoa mezani mwenye swali ni kinyume cha uwajibikaji. Tathmini huru ya mwaka 2003 iliukosoa ushirika huo, nao haukudumu.

Tanzania ilifikia lengo kitaifa mwaka 2006. Hata hivyo, kwa zaidi ya muongo mmoja baadaye iliendelea kugundua wagonjwa wapya zaidi ya elfu moja kila mwaka, baadhi yao wakiwa na ulemavu unaoonekana siku ya kugunduliwa. Hicho ndicho kipimo kisichofutika kwa kalamu, kwa maana hueleza jinsi huduma ilivyochelewa kumfikia mtu. Mfadhili aliyeambiwa kwamba ukoma umeondolewa hana sababu ya kukiulizia.

Sheria za Tanzania zinatoa mlango. Kanuni za mwaka 2018 chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 zinayataka mashirika yanayopata zaidi ya shilingi milioni 20 kutangaza fedha hizo na matumizi yake, si katika magazeti tu, bali pia kupitia njia ambazo walengwa wanaweza kuzifikia kwa urahisi. Kifungu hicho cha mwisho ndicho chenye uzito. Taarifa iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa kwenye tovuti haijamfikia mzee wa Samaria ambaye vidole vyake haviwezi kushika simu.

Karatasi moja ya Kiswahili ingetosha, ikibandikwa katika ofisi ya kata na kusomwa kwa sauti katika mkutano wa hadhara: fedha zilizopokelewa kwa ajili ya makazi haya, na zilizobaki makao makuu, jozi za viatu zilizotolewa, na tarehe ya kurudi kuzibadilisha zitakapochakaa, vidonda vilivyokuwapo Januari na vilivyopona kufikia Desemba, miguu iliyokatwa. Chini yake liwepo jina la afisa anayepaswa kujibu, na siku atakayokuwa Hombolo.