Bibi Anataka Kurudi Jikoni: Jinsi ya Kufikiri na Kuamua katika Tiba Kazi

Tuchukue bibi wa miaka 68, mkazi wa Tanga, aliyepatwa na kiharusi upande wa kulia wa ubongo wiki sita zilizopita. Anatembea kwa fimbo. Mkono wa kushoto umeanza kushika vitu ila bado una ganzi, na vitu vilivyo upande huo huvipita kana kwamba havipo. Tangu ujanani ameuza vitumbua na maandazi barazani kwake kila alfajiri. Anaishi na mjukuu wa miaka minne. Mwanawe aliye Dar es Salaam, ambaye ndiye anayelipia matibabu, anampigia simu mtaalamu wa tiba kazi: "Daktari, nakuomba umwambie mama aachane na jiko. Mimi hanisikii, lakini wewe atakusikia." Bibi naye, akishaitikia shikamoo, ana swali moja tu: "Mwanangu, nitarudi lini kwenye vitumbua vyangu?"

Awe amesomea KCMC Moshi, KMTC Nairobi au kwingineko, kila mtaalamu wa tiba kazi atakutana na kesi ya namna hii. Chuoni tunafundishwa kanuni nne zilizoenezwa na kitabu cha Beauchamp na Childress cha mwaka 1979: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na kutenda haki. Ni kanuni nzuri. Lakini ukizishika kabla hujajua lolote kuhusu jiko la bibi huyu, zitakuvuta huku na huku: moja inasema mwache apike, nyingine inasema mzuie. Hapo wengi wetu huishia kumfuata anayepiga simu mara nyingi zaidi, kisha uamuzi huo tunauita usalama wa mgonjwa.

Ushauri wangu ni huu: kabla ya kulitangaza jambo kuwa mgogoro wa kimaadili, nenda kaitazame shughuli yenyewe ikifanyika. Sehemu kubwa ya mvutano hutokana na kutojua. Kitakachobaki baada ya kutazama ndicho kinachohitaji kupimwa kimaadili, na kitakuwa kidogo na wazi zaidi kuliko kilivyosikika kwenye simu.

Joan Rogers, mtaalamu wa tiba kazi wa Marekani, katika mhadhara wake wa mwaka 1983 aliipanga kazi yetu ya kufikiri katika maswali matatu: hali ya mgonjwa ikoje, njia zipi zinawezekana, na ipi inapaswa kufuatwa. Mpangilio huo una sababu. Ukilileta swali la mwisho mwanzoni, utachagua kati ya njia mbili tu, kupika au kutopika, na njia nyingine zote zitakupita.

Anza na hali ya mgonjwa, na uwe makini na vipimo. Kipimo cha Barthel, kinachotumika tangu 1965, kinauliza kuhusu kula, kuoga, kuvaa, choo, kutembea na ngazi. Bibi anaweza kupata alama 90 kati ya 100 na bado hujajua chochote kuhusu mkono wenye ganzi karibu na mafuta ya moto. Vipimo vya akili navyo vina mipaka yake. Kile cha MMSE cha 1975 kinamtaka mtu aandike sentensi na kunakili mchoro. Mzee ambaye hakwenda shule ataonekana amepungukiwa akili kumbe amenyimwa kalamu utotoni. Ndiyo sababu kipimo cha IDEA kilichoandaliwa wilayani Hai, Kilimanjaro, ni msaada mkubwa kwa wazee wetu, kwani hakimtaki mtu awe anajua kusoma wala kuandika.

Kwa tatizo la upande wa kushoto huhitaji kifaa cha gharama. Tawanya maharage kwenye sinia, mwombe ayaokote yote, kisha angalia yaliyobaki yako upande gani. Mtazame pia shingo. Mtu aliyepoteza sehemu ya uoni na anajua hivyo hugeuza kichwa kutafuta. Ambaye ubongo wake umeuacha upande mmoja hageuki, kwa sababu kwake hakuna kilichokosekana. Tofauti hiyo ni kubwa jikoni. Wa kwanza utamfundisha kugeuka mara kwa mara, naye ataelewa mara moja kwa nini. Wa pili anahitaji kwanza kuamini kuwa kuna upande anaoupoteza. Kisha pima ganzi kwa chupa mbili, moja ya maji ya vuguvugu na nyingine ya maji baridi, akiwa amefumba macho.

Baada ya hapo nenda kwake alfajiri, kwa ruhusa yake. Kama usafiri haupo, fanyeni mazoezi kliniki kwa vyombo vyake mwenyewe na jiko lisilowashwa. Ivunje kazi vipande vipande: kuloweka mchele, kusaga, kuchanganya na tui, hamira na iliki, kusubiri unga uumuke, kuwasha mkaa, kumimina, kugeuza, kuepua, kupokea pesa na kurudisha chenji. Karibu kila hatua hapo ni salama. Hatari iko kwenye tatu au nne: kuwasha jiko, kubeba chombo cha moto, kumimina mafuta, na kuinama juu ya jiko huku kanga ikining'inia upande wa kushoto asiouona.

Tena tazama tofauti ya vyakula vyenyewe. Maandazi huogelea kwenye karai lililojaa mafuta yanayochemka. Kitumbua huhitaji mafuta kidogo tu katika kila kishimo cha kikaango chake. Kikaango cha vitumbua kikiguswa kinaunguza vidole. Karai la maandazi likipinduka linaweza kuua. Mwana aliyesema "aachane na jiko" hakuitenganisha hatari ya kwanza na ya pili, na mtaalamu aliyebaki ofisini hawezi kuitenganisha pia. Aliyekwenda kutazama sasa ana njia ya kati: vitumbua virudi, maandazi yangoje.

Muulize pia bibi asubuhi zake zilikuwaje. Cheryl Mattingly na Maureen Fleming, waliochunguza jinsi wataalamu wa tiba kazi wanavyofikiri na kuchapisha kitabu chao mwaka 1994, walionyesha kuwa mtaalamu mzuri hafikirii ugonjwa pekee. Humfikiria mtu katika hadithi ya maisha yake, alikotoka na anakoelekea. Kama anachokihitaji bibi ni pesa, pengine mpwa wake aliye mtu mzima anaweza kupika naye akasimamia. Kama anachokikosa ni wateja wanaopita kumjulia hali na kuleta habari za mtaa, basi kukaa barazani na kuuza kunaweza kutosha kwa sasa. Na kama ni heshima ya kuitwa kwa kazi ya mikono yake, hakuna msaidizi atakayeiziba nafasi hiyo. Majibu haya matatu yanazaa mipango mitatu tofauti ya tiba, na hakuna kipimo cha alama kitakachokuambia lipi ni lake.

Sasa tumefika kwenye lile gumu lenyewe. Je, ana uwezo wa kujiamulia? Usiulize kwa ujumla. Uliza kuhusu uamuzi huu mmoja: anaelewa hatari unayomweleza, anaiona kuwa inamhusu yeye, anaweza kupima faida na hasara, na anaweza kusema anachokichagua? Kwa kiharusi cha upande wa kulia, swali la pili ndilo la kulichunguza zaidi. Bibi anaweza kukubali kabisa kwamba mafuta yanaunguza na bado asiamini kuwa mkono wake una tatizo, kwa sababu ugonjwa wenyewe humficha upungufu wake. Usibishane naye. Rudisha sinia la maharage, aokote, akisema amemaliza ligeuze sinia mbele yake. Maharage aliyoyaacha yatakuwa kulia kwake, na atayaona kwa macho yake mwenyewe. Akishangaa, umepata mahali pa kuanzia tiba. Akikana hata baada ya kuona, umepata sababu halali ya kuchelewesha jiko la moto, na sababu hiyo inatokana na uwezo wake wa leo. Umri wake na hofu ya mwanawe si sababu.

Kisha tenga hatari kwa mwenye nayo. Mtu mzima anayeelewa ana haki ya kubeba hatari iliyo yake. Sote tunabeba, kila tunapopanda bodaboda. Ila mjukuu wa miaka minne hakuchagua kitu. Akikimbia uani kutokea kushoto kwa bibi, bibi hatamwona. Hapa sishawishiki na hoja ya uhuru wa mgonjwa. Sharti la mtoto kutokuwa karibu na jiko linapowaka haliachwi kwa mapatano. Linaweza kutimizwa kwa njia nyingi, mtoto apelekwe kwa jirani au mlango wa uani uwekwe komeo, lakini lazima litimizwe, na bibi aambiwe hivyo waziwazi kwa heshima. Akilikataa, zungumza na familia, na ikibidi na ofisa ustawi wa jamii, huku bibi akijua kwamba unafanya hivyo.

Na yule mwana? Analipa, ana uchungu na mama yake, na anastahili kusikilizwa. Hilo halimfanyi mmiliki wa taarifa za mama. Sheria za kulinda taarifa binafsi za Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022 zote zinaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kabla hujamjibu chochote, muulize bibi: "Tunapozungumzia jiko, ungependa nani awepo?" Swali hili huheshimu watu wa aina mbili. Kuna anayetaka ukoo mzima ukae mkekani uamue pamoja, na huo nao ni uamuzi wake. Kuna anayetaka kusema faraghani kwanza. Usidhani unajua yupi ni yupi kwa kumtazama ushungi wake au umri wake. Kwa mwana unaweza kusema: "Nimekusikia, ndugu yangu. Nitazungumza na mama, na akiridhia tutakupigia sote wawili." Mara nyingi mwana akielezwa kwamba maandazi yamesimamishwa na kwamba kuna mtu wa kuwasha jiko, hofu yake hupungua, kwani alikuwa akiwaza karai.

Uamuzi wenyewe upe muda wake. Ahueni ya kiharusi huja kwa kasi zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo lisilofaa wiki ya sita linaweza kufaa wiki ya kumi na mbili. Kumwambia mgonjwa "hapana" bila tarehe ni kumfungia mlango ambao huenda mwili wake utaufungua.

Halafu andika. Si matokeo tu, andika na njia uliyopitia kufikia hapo, kwa mfano hivi: "Mteja anaelewa hatari ya kuungua na ameieleza kwa maneno yake mwenyewe, ameona makosa ya upande wa kushoto kwenye zoezi la sinia. Amechagua kuanza na vitumbua siku tatu kwa wiki, mpwa wake akiwasha jiko na kubeba vyombo vya moto. Utepe mwekundu umewekwa kwenye ukingo wa kushoto wa meza. Mjukuu atakuwa kwa jirani hadi jiko lipoe. Maandazi yamesitishwa. Kumzuia kabisa kulifikiriwa, kukaachwa kwa sababu hatari iliyobaki ni yake na imepunguzwa. Tutapima tena baada ya wiki nne, au mapema akiungua." Atakayekurithi faili hilo ataweza kukubali au kukupinga kwa hoja. Nawe ukishindwa kuiandika sababu kwa sentensi moja iliyo wazi, jua kwamba bado hujaamua, umeona haya tu mbele ya mtu fulani.

Kuna migogoro ambayo kutazama shughuli hakuitatui, nayo ni ile ya uhaba. Viti vya magurudumu ni viwili na wanaongoja ni tisa. Hapa kosa la kwanza ni kutoa kiti kwa aliye jirani au mwenye mdhamini mkubwa. Kosa la pili, ambalo watu hulisahau, ni kutoa kiti kisichomfaa mtu ili mradi kimetoka. Kiti kisicholingana na mwili huleta vidonda vya mgandamizo, na kwa mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo vidonda hivyo vinaweza kumuua. Keti na wenzako wakati stoo bado iko tupu na hakuna jina mezani, mkubaliane vigezo: nani atapata madhara akikosa, nani kiti kitampeleka shuleni au kazini, kiti kilichopo kinamwenea nani, barabara ya kwao inapitika kwa magurudumu ya aina gani. Vibandikeni ukutani mahali ambapo wagonjwa wanaweza kuvisoma, na anayekosa aelezwe ana kwa ana na mtu aliyeshiriki kuamua, si kwa karatasi ya mapokezi.