SOMO LA SAYANSI: MIZIGO YA KITUO CHA ANGANI

Tujifunze namna watu wa Kituo cha Kimataifa cha Angani wanavyopelekewa chakula, maji na vyombo. Kituo kile kiko juu, karibu kilometa 400, nacho kinazunguka dunia kwa dakika 90 hivi.

1. Saa. Roketi haiondoki wakati wowote. Dunia inageuka, basi wanangoja saa ile njia ya kituo inapopita juu ya kiwanja cha kurushia.

2. Nafasi. Milango ya kufungia meli ni michache. Moja ikikawia kutoka, ingine inakosa pa kuingia. Meli «Progress» ya Warusi ikiisha kushusha mizigo inajazwa takataka, halafu inaachwa iungue hewani.

3. Akiba. Hapa ndipo penye neno kubwa. Tarehe 28 Oktoba 2014 roketi ya Marekani ililipuka sekunde chache tu baada ya kuondoka. Tarehe 28 Aprili 2015 Progress moja ilizunguka ovyo, haikufika. Tarehe 28 Juni 2015 roketi ya SpaceX ilipasuka. Meli tatu kwa miezi nane! Lakini watu watatu waliokuwa juu hawakulala njaa: depo ilikuwa na akiba ya miezi, na tarehe 5 Julai Progress ingine ikafika.

Basi, anayepanga safari anajiuliza kwanza: meli isipofika, watakula nini? Sisi wa bweni tunaelewa: kamio ya unga ikikwama matopeni, depo ndiyo inatuokoa.

Maulizo: Kwa nini ni vizuri kutumia roketi za namna mbalimbali? Kwa nini haifai kutia vyakula vyote katika meli moja?