Kadi za Majina kwa Meza ya Karamu

Mgeni aliyealikwa karamuni, akifika mlangoni na kuviona viti vyote vitupu, huona haya. Hajui akae wapi. Akikaa mbele, huenda akaambiwa ainuke ampishe mwingine. Akikaa nyuma, huenda ikadhaniwa kwamba mwenyeji amemdharau. Kwa ajili hiyo katika karamu za heshima huwekwa mbele ya kila kiti kadi ndogo yenye jina la mgeni. Kadi hizo huuzwa madukani, lakini watu wa Kisumu na ufuko wa ziwa hawana haja ya kuzinunua, kwa maana karatasi yake imeota majini.

Gugumaji, mmea uliotoka Amerika ya Kusini, lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam, mashua zikashindwa kupita na wavuvi wakakosa riziki. Adui huyo hajaondoka bado. Hata hivyo mafundi wa Kisumu wamejifunza kutengeneza karatasi na kadi kwa mabua yake, na kazi hiyo yaweza kufanywa nyumbani.

Yachukuliwe magugu yaliyosukumwa ufukoni na upepo. Mtu asiingie majini kuyafuata, kwa kuwa kati yake hujificha nyoka na viboko, na konokono waletao kichocho. Mizizi na majani hutupwa. Mabua huoshwa, hukatwa vipande vya urefu wa kidole, na kuchemshwa kwa saa kadhaa katika maji ya majivu hata yalainike. Maji hayo huchoma ngozi, basi mikono isiyaguse. Kisha mabua husuuzwa sana na kutwangwa kinuni. Nyuzi zake ni fupi, na karatasi ya gugu tupu hukatika upesi. Kwa hiyo huchanganywa na karatasi kuukuu za daftari zilizolowekwa usiku kucha na kupondwa. Rojo hilo humiminwa katika beseni la maji, huchotwa kwa wavu mwembamba uliowambwa juu ya fremu ya mbao, hugeuzwa juu ya kitambaa, hukandamizwa kwa kitu kizito na kuanikwa. Karatasi ikikauka huwa ya rangi ya kahawia, na nyuzi huonekana. Hilo ndilo pambo lake, wala haihitaji kuchorwa maua.

Kadi moja ikatwe sentimita 10 kwa 10, ikunjwe katikati ili isimame kama paa la nyumba. Alasiri upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu, na meza iliyo uani huweza kupoteza kadi zote mara moja. Kijiwe kimoja chini ya mkunjo chatosha.

Kazi ngumu ni kuandika jina. Kwa Wajaluo herufi moja hutenganisha mwanamume na mwanamke: Otieno ni mvulana aliyezaliwa usiku, Atieno ni msichana; Okoth alizaliwa wakati wa mvua, na wa kike huitwa Akoth. Mzee aliyesafiri toka Nyakach, akikuta kadi imemwita Akoth, hatacheka, ijapokuwa vijana watacheka. Tena Ochieng' lisiandikwe bila ya alama yake ya juu, maana hiyo ni ng' ya ng'ombe, si ng ya ngoma. Lakini bibi aitwaye kwa jina la mumewe huandikwa Bi. Otieno, na hapo O si kosa. Na kwa kuwa meza moja yaweza kuwa na akina Otieno watatu, kila kadi iwe na majina mawili. Afadhali mwenye karamu atume mtoto akaulize kuliko kubahatisha.

Ndipo viti vipangwe. Kwa desturi ya Wajaluo mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawali pamoja, na wako wanaoishika heshima hiyo mpaka leo. Kadi huwatenga kwa upole bila ya neno kusemwa. Mzee asiyeona vizuri, au asiyejua kusoma, asiachwe akizunguka meza: kijana mmoja asimame mlangoni, ampeleke hadi kiti chake. Na kadi nne au tano ziachwe tupu, pamoja na kalamu, kwa kuwa mgeni mara nyingi huja na mwenziwe asiyetazamiwa, na huyo naye hutaka kuliona jina lake mezani.