GARI YA MZIGO INACHEMSHA? JIBU SWALI HILI KABLA HUJANUNUA KIFAA

Leo siongelei picha za bidhaa wala bei. Naongelea gari, maana tunauza mtandaoni lakini mzigo unafika kwa mteja kwa gari, tena wengi wetu tuna gari za zamani.

Mimi nauza samaki na pweza kupitia WhatsApp, nipo Mtwara mjini. Gari yangu ni Carina Ti ya 1998. Siku moja natoka Msimbati na kilo 30 za pweza kwenye barafu, mteja yuko Masasi na alishalipa. Kwenye mchanga mshale wa joto ukapanda mpaka juu, mvuke ukatoka. Nilikaa pale zaidi ya saa tatu, barafu ikaisha yote. Nikamrudishia mteja 270,000 yake.

Gereji ya kwanza wakaniambia, "Boss, rejeta imeziba." Hawakupima chochote. Nikanunua rejeta ya mtumba 150,000. Wiki iliyofuata gari ikachemsha palepale.

Fundi wa pili, mzee mmoja, hakushika hata spana. Aliniuliza, "Mwanangu, inachemsha ukiwa wapi?" Nikamwambia, kwenye mchanga, na nikiwa nasubiri wavuvi injini inawaka. Nikishika lami kwenda Mikindani mshale unarudi katikati. Akasema, "Basi tuanze na feni." Akaunga feni moja kwa moja na betri kwa waya mbili. Haikuzunguka. Mota ya feni 40,000, kazi ikaisha.

Swali lenyewe ndiyo hilo: INACHEMSHA WAKATI GANI?

1. Ukiwa umesimama au unaenda polepole, lakini ukikimbia inapoa: angalia feni. Ukikimbia, upepo wa barabarani unapoza rejeta. Ukisimama, feni ndiyo inafanya hiyo kazi. Feni ikizunguka vizuri ukiiunga na betri, basi mota ni nzima, tafuta fyuzi, relei au sensa.

2. Ukikimbia au ukipanda mlima na mzigo, mfano kupanda Newala, lakini mjini iko sawa: hapo ndipo rejeta inashukiwa. Imeziba ndani kwa kutu, au nje kwa vumbi na wadudu. Pampu ya maji iliyochoka nayo huleta dalili hiyo.

3. Inachemsha haraka popote ulipo: angalia kwanza kiwango cha maji na kama kuna hozi inavuja. Maji yakiwepo, shuku themostati imegoma kufunguka. Itoe, iweke kwenye sufuria ya maji uyachemshe. Isipofunguka, imekufa. Weka nyingine, usikubali kuendesha bila themostati. Injini itachelewa kupata joto lake na itakula mafuta.

4. Maji yanapungua kila siku na huoni tone chini: hii ndiyo ya kuogopa. Angalia mapovu kwenye rejeta injini ikiwaka (fungua mfuniko gari ikiwa ya baridi), moshi mweupe usioisha, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Usiendelee kuendesha.

MAKOSA YETU WATU WA PWANI

Kujaza maji ya kisima. Visima vingi vya huku vina chumvi, na chumvi inakula rejeta na pampu. Tumia kulanti. Ukikwama kabisa, afadhali maji ya mvua.

Kudharau mfuniko wa rejeta. Unabana presha ili maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Mpira wake ukichakaa, maji yanachemka mapema na kumwagika. Ni kifaa cha bei ndogo, anza nacho. Nunua wenye namba ileile ya presha iliyoandikwa juu ya ule wa zamani.

Kufungua mfuniko gari ikiwa ya moto. Utaungua uso. Zima injini, subiri angalau nusu saa, shika hozi ya juu kwanza. Wala usimwagie injini ya moto maji ya baridi, chuma kinaweza kupasuka.

Mshale ukianza kupanda uko njiani: zima AC, washa hita ya ndani mpaka mwisho, tafuta pa kusimama. Hita inatoa sehemu ya joto la injini.

SASA HESABU

Pweza 270,000 na rejeta 150,000 ni 420,000. Tatizo lilikuwa la 40,000. Siku hizi nina daftari dashibodi: tarehe, nilikuwa wapi, mwendo gani, mshale ulifika wapi. Fundi akiniambia nunua kitu, namuuliza, "Umepimaje?" Na gari ikileta shida, nampigia mteja palepale, kabla hajanitafuta yeye.

Yule wa Masasi bado ni mteja wangu.

Yako inachemsha ukiwa wapi? Andika hapo chini, aina ya gari na wakati inapochemsha, tusaidiane.