Somo la Robo Hii: Barua Zilizokwenda Ng'ambo



Kamati moja ilituuliza: "Kiwanja cha shule yetu kilipatikanaje?" Daftari la zamani lililiwa na mchwa, na wazee walioshuhudia wamekwisha kufariki. Jirani anadai, kamati inakana, na mezani hakuna hata karatasi moja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kumbukumbu ziko wapi?

Wamisionari wa kwanza waliandika sana, lakini barua zao zilikwenda kwa waliowatuma. Za Church Missionary Society, iliyomtuma Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, zimo katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Za Universities' Mission to Central Africa, waliojenga kanisa la Mkunazini, Zanzibar, palipokuwa soko la watumwa, zimo Oxford. Za London Missionary Society zimo SOAS, London. Hapa nyumbani, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inatunza karatasi za Hans Cory, aliyechunguza mila na sheria za makabila ya Tanganyika wakati wa utawala wa Mwingereza.

Je, mtu asiye mwanachuo anaruhusiwa kuzisoma? Kwa kawaida ndiyo, akifuata utaratibu:

1. Andikeni barua kwanza. Tajeni jina la sasa la kijiji, majina yake ya zamani na miaka mnayoitafuta. "Habari za kanisa letu" ni ombi pana mno.
2. Anayekwenda achukue kitambulisho. Ataandikishwa, atatumia penseli badala ya wino, na karatasi hazitoki chumbani.
3. Ulizeni bei ya nakala mapema. Nakala chache ni nafuu kuliko nauli ya ndege.
4. Baadhi ya majalada hufungwa kwa miaka mingi ili kulinda siri za watu. Mkijibiwa hivyo, ulizeni yatafunguliwa lini.

Tupime tunachosoma

Barua ya mmisionari inaeleza alichoona yeye, na pengine alichotaka wafadhili wake wasikie. Wazee waliotoa ardhi huenda hawakutajwa kwa majina. Kwa hiyo barua haichukui nafasi ya hati ya ardhi. Isomwe pamoja na ushuhuda wa wazee wa pande zote mbili, jirani akiwemo.

Deni letu

Tulipoandaa somo hili tulijikuta na kosa lile lile. Taarifa zetu za visima na zahanati tumezipeleka kwa wafadhili miaka yote, na vijiji vingi havikubaki na nakala. Tunaomba radhi. Kuanzia robo hii, kila taarifa itaacha nakala moja parokiani. Wafadhili, tunawaomba mkubali gharama ya fotokopi na sanduku la bati katika bajeti ya kila mradi.

Maswali ya kujadiliana

- Mihtasari ya kamati yetu iko wapi, na nani ana ufunguo?
- Ni mzee gani tumsikilize na kumwandika mwezi huu, kabla hatujachelewa?
- Nakala ya pili ya hati zetu tuiweke wapi?

Tuleteeni majibu yenu. Tutayasoma pamoja katika toleo lijalo.