Buibui Wakubwa wa Nyika

Mtu ashukaye kutoka vihamba vya migomba katika miteremko ya Kilimanjaro, akapita Moshi na kuelekea upande wa Kahe, huiona nchi ikibadilika. Mifereji na kivuli hubaki nyuma yake. Mbele yake ni nyika kavu yenye miti ya miiba. Katika nchi ya namna hii hukaa buibui wakubwa wenye manyoya, ambao wakinyosha miguu yao huweza kuenea kiganja cha mtu mzima. Waingereza huwaita buibui wa nyani, kwa kuwa ncha za miguu yao zafanana na vidole vya nyani.

Watu wengi wakiwaona husema, "Hawa wote ni wamoja," kisha huwaponda kwa jiwe. Lakini sivyo. Wako wa aina nyingi, na kuwatambua kwahitaji macho yenye subira.

Kwanza, ijulikane jinsi wanavyotofautiana na buibui wa nyumbani. Buibui wa nyumbani huyakutanisha meno yake ya sumu kutoka kushoto na kulia, kama koleo. Buibui hawa wakubwa huyashusha meno yao yote mawili kwa pamoja kutoka juu, kama mtu apigaye jembe.

Pili, rangi hudanganya. Yuko buibui ambaye wataalamu humwita Pterinochilus murinus. Hupatikana Kenya, Tanzania, na mbali hata Angola. Mahali pengine ni wa kijivu, mahali pengine ni wa hudhurungi, na katika milima ya Usambara wako wenye rangi ya chungwa lililoiva. Basi, mwanafunzi mmoja akisema amemwona wa kijivu, na mwenzake akisema amemwona wa rangi ya chungwa, wasigombane. Yawezekana wote wawili wameona buibui wa aina moja. Alama ifaayo zaidi kuliko rangi iko mgongoni, juu ya kifua: mistari itokayo katikati na kuenea pande zote kama miali ya jua. Tena buibui huyu hufuma utando mwingi mweupe, shimoni, katika magogo au vichakani.

Hata hivyo alama hiyo peke yake haitoshi. Ndugu yake, Pterinochilus chordatus, ana miali kama hiyo, naye yuko katika nchi hizi hizi za Kenya na Tanzania. Lakini Pelinobius muticus ni rahisi kumjua: rangi yake ni ya kutu, hana miali wala madoa, miguu yake ya nyuma ni minene, na huchimba shimo refu la kwenda chini. Akighadhibika husugua viungo vyake vya mbele na kutoa sauti kama ya nyoka. Eucratoscelus naye ana miguu ya nyuma iliyonenepa na kujaa manyoya, kana kwamba amevaa soksi nzito.

Hata wataalamu wamepata kudanganyika. Mwaka 1873 Mjerumani Gerstaecker aliwaeleza baadhi ya buibui hawa katika kitabu cha safari za von der Decken, yule aliyejaribu kupanda Kilimanjaro mwaka 1861 na 1862. Mwaka 1897 Mwingereza Pocock alimpa murinus jina lake. Baada yao wengine walitoa majina mapya, kila mmoja akidhani amepata aina ngeni. Mwaka 2002 Richard Gallon aliwalinganisha upya, ikaonekana kwamba baadhi ya majina hayo yalikuwa ya murinus yule yule. Alama za hakika ni vifuko vidogo vilivyo ndani ya tumbo la jike, na umbo la ncha za mikono midogo ya dume. Nazo zatazamwa kwa hadubini. Vifuko hivyo huonekana hata katika ngozi kuukuu ambayo jike ameivua, kwa hiyo si lazima kumwua ili kumjua.

Maarifa haya yana faida. Buibui hawa hula mende, panzi na wadudu wengine. Wale wa rangi nzuri hutafutwa na watu wa Ulaya na Marekani wapendao kuwafuga. Na nchi isiyojua ina buibui gani haiwezi kujua wamepungua au la. Tena sumu ya murinus huleta maumivu makali na uvimbe, na pengine misuli hukaza, ingawa haijulikani kwamba imepata kumwua mtu. Kwa hiyo mtoto asitie mkono wala kidole shimoni. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa maji na sabuni, asichanjwe wala asifyonzwe, apelekwe zahanati. Na aliyemwona buibui aeleze umbo lake, si rangi tu.

MASWALI

1. Meno ya buibui hawa hutofautianaje na ya buibui wa nyumbani?
2. Kwa nini rangi haitoshi kumtambulisha Pterinochilus murinus?
3. Taja alama mbili za Pelinobius muticus.
4. Ngozi iliyovuliwa na jike yawafaa nini wataalamu?
5. Mwenzako akiumwa na buibui mkubwa, utafanya nini?