Kuteleza na Kutelezesha: Sajili ya Utangazaji wa Mashindano ya Drifti katika Televisheni

Utangulizi

Makala haya yanachunguza lugha inayotumiwa kutangaza mashindano ya drifti katika televisheni, na hasa iwapo Kiswahili kina nyenzo za kuyasimulia. Drifti ni mchezo wa magari ambamo dereva huyapotezesha mshiko magurudumu ya nyuma kwa makusudi, gari likapita kona kwa ubavu huku yeye akiupindua usukani upande wa pili ili lisizunguke. Mshindi hapatikani kwa saa. Hilo ndilo linalompa mtangazaji wa mchezo huu mzigo asiokuwa nao mwenzake. Anayetangaza Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kurejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, akiishiwa na maneno husoma dakika na sekunde, na mtazamaji akajua nani anaongoza. Katika drifti, gari lililo mbele huenda ndilo linaloshindwa.

Mchezo uliozaliwa na kamera

Ufundi huu uliota mizizi nchini Japani. Kunimitsu Takahashi aliutumia katika mbio za miaka ya 1970, na Keiichi Tsuchiya akaukuza katika barabara za milimani. Mnamo 1987 Tsuchiya alionekana katika kanda ya video iliyoitwa Pluspy, akionyesha mbinu zake. Yaani picha ilitangulia ubingwa: vijana waliuona mchezo huu kwenye kanda kabla haujawa na kanuni wala kombe. Oktoba 2000, Tsuchiya pamoja na Daijiro Inada, mwasisi wa jarida la Option, waliandaa shindano la kulipwa katika uwanja wa Ebisu, Fukushima. Mwaka uliofuata likawa mfululizo ulioitwa D1 Grand Prix. Mwaka 2003 D1 ilivuka bahari hadi Irwindale, California, na mwaka 2004 Wamarekani wakaanza msimu wa kwanza wa Formula Drift, ulioasisiwa na Jim Liaw na Ryan Sage. Bingwa wake wa kwanza alikuwa Samuel Hübinette, Mswidi aliyeendesha Dodge Viper. Katikati ya mwongo huo kituo cha G4 kiliyaonyesha mashindano hayo kwa watazamaji ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuona jaji akiamua mbio za magari.

Majaji hao katika Formula Drift ni watatu. Katika utaratibu uliozoeleka wa drifti, kwanza kila dereva hupita peke yake, akapewa alama kwa kufuata njia iliyochorwa, kwa ukubwa wa pembe ya gari na kwa mtindo. Kisha madereva hupambana wawiliwawili: mmoja hutangulia, wa pili humwandama akimwiga na kumkaribia kadiri awezavyo bila kumgonga, halafu hubadilishana nafasi. Anayeandama hatakiwi kupita. Anatakiwa awe kivuli.

Kwa hiyo kamera ni sehemu ya ushahidi. Kamera iliyosimama kando ya uwanja huifanya pembe ionekane ndogo au kubwa kuliko ilivyo. Iliyo juu hufichua nafasi kati ya magari mawili. Iliyo ndani huonyesha mikono ya dereva ikiuachia usukani ujizungushe. D1 ilijaribu kuondoa shaka kwa kuleta, katika miaka ya 2010, mtambo wa DOSS unaokadiria alama kwa vipimo vya mwendo na pembe. Hata hivyo tarakimu ya mtambo haimwelezi mtazamaji kwa nini. Maelezo hayo hutoka kinywani mwa mtangazaji, na asipoyatoa, uamuzi wa haki huonekana kama dhuluma.

Kitenzi kinachomficha dereva

Hapa ndipo Kiswahili kinapojaribiwa. Neno linalokuja upesi ni kuteleza. Lakini kuteleza ni ajali. Ndiyo maana neno hilo hilo hutumiwa kwa mtu aliyekosea, na methali ikamliwaza kwamba kuteleza si kuanguka. Mtangazaji akisema “gari limeteleza”, amemwondoa dereva katika sentensi na kumgeuza bingwa kuwa mhanga. Kuserereka nako kunaashiria kwenda chini. Suluhisho limo katika mnyambuliko: kauli ya kutendesha humrejesha mtenda. “Anatelezesha gari” ina dereva, ina gari na ina nia. Silabi moja tu inatenganisha kosa na ustadi, na ni lugha chache zinazofanya kazi hiyo kwa bei rahisi hivyo.

Charles Ferguson, katika utafiti wake wa mwaka 1983 kuhusu lugha ya watangazaji wa michezo wa Marekani, alionyesha kwamba wao hudondosha nafsi na vitenzi vishirikishi ili kwenda sambamba na tukio. Mbinu hiyo haihamishiki moja kwa moja, kwa kuwa nafsi na njeo za Kiswahili zimo ndani ya kitenzi chenyewe. Mtangazaji wa Kiswahili huharakisha kwa kupanga vitenzi bila viunganishi: “Huyoo! Anaingia, anapindua, anatelezesha, moshi!” Mdundo huo unaifaa drifti kuliko hata soka, kwa sababu kona hazina mapumziko.

Kuhusu istilahi, Wajapani wana la kufunza. Jina la mchezo walilitohoa kutoka Kiingereza, wakasema dorifuto. Lakini duru ya dereva mmoja wakaiita tansō na ile ya wawili tsuisō, maneno yaliyoundwa kwa viambajengo vilivyokwisha kuzoeleka katika lugha yao. Kiswahili kinaweza kufuata njia hiyo: drifti kwa mchezo wenyewe, kisha mpito wa pekee, mwandamano, mtangulizi na mwandamaji kwa viungo vyake. Pembe na njia tayari zinaeleweka, na breki ya mkono haihitaji mfasiri.

Mushkili unabaki katika uamuzi mmoja. Majaji wasipoona tofauti, huamuru madereva warudie pambano. Neno marudio lingefaa, ila katika televisheni limekwisha kutwaliwa na picha za tukio zinazoonyeshwa upya, na katika drifti mambo hayo mawili hufuatana kwa sekunde: majaji hutazama marudio, kisha huamuru marudio. Mwandamano wa pili ungeondoa utata huo.